Mchongaji wako anakataa kiwi: kwa nini msomaji hamwamini?

Swali: Nimeandika hadithi fupi ya maneno 3,200 hivi kuhusu Mzee Lukasi, Mmakonde anayechonga vinyago Mwenge, Dar es Salaam. Mchana anachonga vya watalii kwa mti mweupe na kuvipaka kiwi ya viatu ili vifanane na mpingo. Usiku anachonga kinyago kimoja cha kweli, cha mpingo, ambacho hataki kukiuza. Mwishoni anachoma vile vyote vya bandia. Watu watatu wameisoma. Wote wanasema lugha ni nzuri lakini mzee "hajakaa kweli". Nimeongeza majina ya zana na methali, bado haijasaidia. Ninakosea wapi?

Jibu: Hukukosea kwa uchache wa maelezo. Zana unazo za kutosha, hata zimezidi. Tatizo ni kwamba Mzee Lukasi, tangu ukurasa wa kwanza, anajua kipi cha kweli na kipi cha bandia, na anajua hivyo kwa macho ya mnunuzi. Anagawa kazi zake kama muuza duka anavyogawa bei. Msomaji anahisi kwamba mtu huyu hajawahi kukaa chini na kipande cha mti katikati ya miguu yake.

Tuanze na hilo kopo la kiwi, maana hadithi nzima imeegemea hapo. Umeandika kwamba mikono ya mzee "haikuwahi kugusa kiwi usiku". Lakini mpingo wenyewe hupakwa kiwi. Ukitoka kwenye msasa huwa na vumbi, umefifia, mweusi wa kijivu au wenye wekundu wa mbali. Huo weusi unaong'aa dukani unatokana na kupakwa kiwi au nta na kusuguliwa kwa kitambaa mpaka upate moto. Kwa hiyo kopo lile lile linaung'arisha mpingo na kuufanya mti mweupe uaminike kuwa mpingo. Kwenye mti mweupe kiwi inaficha, kwenye mpingo inatoa kilichomo, na mkono unaopaka ni mmoja. Mchongaji akisoma hadithi yako atakuacha hapo hapo, kwa sababu umechukua kitu cha kila siku ukakigeuza dhambi.

Pili, mpingo wa usiku ule. Umeufanya kuwa mti wa mababu, mti wa roho. Ukitazama historia, mambo yako kinyume. Kazi ya kuchonga iliyo ndani kabisa ya mila ya Wamakonde ni mapiko, vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma, hasa wakati wa kuwatoa wali jandoni. Lipiko (umoja wa mapiko) huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Sababu ni ya kimwili tu: mtu anacheza nalo, anaruka, anatikisa kichwa. Vaa kofia ya mpingo ucheze nayo uone shingo itakavyokuwa kesho yake. Mapiko mengi yalitiwa nywele za watu, na chale za usoni zikawekwa kwa nta. Mpingo ulishika nafasi yake kubwa katika uchongaji wa kuuza, pale Wamakonde kutoka Msumbiji walipovuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha wengine wakaja kwa sababu ya vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mapepo yenye maumbo ya ajabu, ambao leo watu wanauita "asili kabisa", unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, aliyenunua na kutafutia soko kazi za wachongaji wale. Nguzo ya watu waliopandana, tunayoiita ujamaa, inahusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani. Kwa Wakamba wa Kenya, uchongaji wa kuuza unaanzia kwa Mutisya Munge, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hakuna anayesema kwamba kazi yao si kazi kwa sababu ilizaliwa sokoni.

Sisemi hadithi yako ifundishe historia hii. Hata mstari mmoja wa historia usiuweke. Nasema uijue, ili uache kumpa mzee wako vita ambayo si yake. Tofauti kati ya "cha kuuza" na "cha kweli" haiwezi kuwa ndiyo kiini cha mgogoro, kwa kuwa shetani aliyechongwa vizuri alikuwa cha kuuza tangu siku ya kwanza. Kwake yeye maswali ni mengine: kipande hiki kina ufa au hakina? Kijana amekilainisha mno mpaka uso umepotea? Anayekitaka anakitaka kwa ajili gani? Nani ataandika jina lake chini ya kitako? Hayo ndiyo maswali ya ukweli na uongo kwa mtu wa kazi hii, na kila moja linaweza kubeba hadithi.

Sasa makosa yanayohesabika. Haya ndiyo yaliyowafanya wasomaji wako watatu wasite, hata kama hawakuweza kuyataja.

Ukurasa wa pili, mzee anabeba begani gogo la mpingo "la mita mbili, nene kama paja". Lita moja ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo moja na robo hivi, ndiyo maana ukiutupa majini unazama. Gogo la mita mbili lenye upana wa sentimita 20 ni lita 60 na ushee. Hizo ni kilo 75 au zaidi, na likiwa bichi linazidi. Mzee wa miaka 60 habebi hilo begani kutoka kituo cha daladala. Mpe kipande cha sentimita 30, upana wa sentimita 8: kilo mbili kasoro, kinaingia kwenye mfuko wa sokoni na kuukata vishikio. Huo mfuko unaokatika utakufanyia kazi zaidi ya gogo zima.

Umesema aliupanda mpingo huo utotoni akaja kuukata uzeeni. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Mti wa mtu wa miaka 60 ungekuwa na kiini chembamba, kimezungukwa na sehemu nyeupe pana. Mpingo wa Mwenge hutoka mbali, Lindi na Kilwa na kwingineko kusini, na uvunaji wake unahitaji kibali cha misitu. Kama unataka mzee awe na hofu fulani, hofu ya mzigo usio na karatasi ni ya kweli kuliko hofu ya mizimu, na haihitaji kuelezwa.

Umri pia. Hadithi inatokea siku hizi, mzee ana miaka 60, na "alikimbia vita vya Msumbiji akiwa kijana mwenye nguvu". Vita vilianza mwaka 1964 na kumalizika mwaka 1974. Huyo alivuka Ruvuma mgongoni kwa mama yake, au alikuwa hajazaliwa. Ama umwongezee miaka ishirini, ama umpe kumbukumbu ya kusimuliwa. Mimi ningechagua ya pili: mtu anayebeba kumbukumbu ambayo si yake, akiisimulia kwa wateja kama yake. Hapo tayari unao uongo wenye uzito, na hukugusa kopo la kiwi.

Tena, kinyago cha ujamaa chenye watu kumi na wawili hakimalizwi usiku mmoja. Mpe wiki mbili au tatu, katikati akiacha na kurudi.

Kazi yenyewe huenda hivi, na uijue yote hata kama utaonyesha robo yake. Kipande kinakatwa, sehemu nyeupe ya nje inaondolewa kwa shoka dogo au panga, au inaachwa kwa makusudi iwe nywele, nguo, au ukingo wa kitako. Tezo inatoa umbo la jumla: wapi kichwa, wapi mgongo, wapi patakuwa na tundu. Mchongaji hukaa chini na kushika kipande kwa nyayo, mikono yote ibaki na kazi. Wengi hawachori kwanza. Patasi na nyundo ya mti hufuata, kisha kisu kwa macho, vidole na masikio. Tupa inasawazisha. Mwisho ni msasa, kutoka wa mchanga mkubwa kwenda laini, namba 80, 120, 240, wakati mwingine 400. Hapo ndipo kazi inapokuwa ndefu na ya kuchosha, na hapo ndipo anapoitwa kijana. Kisha kiwi au nta.

Kinachoharibu zaidi ni kukauka. Mti mbichi hukauka nje upesi kuliko ndani. Nje inajikunja juu ya ndani isiyojikunja, nao unapasuka, kwa kawaida kuanzia kwenye vichwa vya gogo palipokatwa. Ndiyo maana kazi isiyokwisha hufungwa kwa gunia bichi au nailoni na kuwekwa kivulini, na ncha zikapakwa nta. Ufa ukishatokea, kuna njia mbili. Ama unabadilisha umbo, unaukata ufa wote na kile ulichokusudia mahali pale. Ama unauziba kwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi, unapiga msasa, unapaka kiwi, na haonekani mtu wa kuuona. Mpingo wa kweli, umezibwa kwa mpingo wa kweli, na bado ni uongo. Hebu linganisha hilo na moto wako wa mwisho.

Sasa tazama aya yako hii:

"Mzee Lukasi alishika tezo, patasi, juba, tupa na msasa, akaanza kuitoa roho ya mababu zake iliyofungwa ndani ya mpingo. Machoni mwake mlikuwa na huzuni ya karne nyingi."

Zana tano kwa mkono mmoja, katika sentensi moja. Hakuna hata moja iliyogusa mti. Huzuni ya karne nyingi haionekani machoni mwa mtu, inaonekana kwa mwandishi. Ningejaribu hivi:

"Mzee Lukasi alikilaza kipande katikati ya nyayo zake, akakigeuza robo mzunguko, akakigeuza tena. Palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, umeanzia juu na kushuka vidole vitatu. Ijumaa haukuwapo. Aliulowesha kwa mate, akaufuata kwa ukucha mpaka alipoona unapoishia. Kisha akamwambia mjukuu wake, 'Mama huyu hana mtungi tena,' akachukua tezo."

Zana ni moja, na inafika mwishoni ikiwa na sababu ya kuchukuliwa. Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba mzee ni fundi, amemwona akiamua. Na angalia kuwa kuna upotevu ndani yake: mtungi uliokuwa kichwani kwa yule mama umekwenda, kwa sababu mti umesema hapana. Katika hadithi ya maneno 3,200, eneo moja la kazi kama hilo lililonyooshwa kufikia maneno 400 hivi linatosha. Kwingine kote kazi iwe nyuma ya mazungumzo, mlio wa tupa tu. Zana tatu zinatosha hadithi nzima: tezo, kisu, msasa. Msomaji asiyejua juba hatajifunza juba kwako, na anayejua atakukamata.

Mnunuzi wako ni mjinga kupita kiasi. Anashika mti uliopakwa kiwi, anapiga kelele za furaha kuhusu Afrika, analipa, anaondoka. Ukimfanya mjinga, mzee wako anashinda bila kushindana. Mfanye ajue. Wanunuzi wengi wa siku hizi wamesoma kabla ya kuja: wanapima uzito mkononi, wanakwaruza chini ya kitako kwa funguo, wanasugua kitambaa kilicholowa waone kama rangi inatoka, wanachungulia kwapani na nyuma ya masikio mahali brashi isipofika. Huyu wako ajue hayo yote, atambue mpingo na atambue bandia, kisha achague bandia, kwa sababu begi lake la ndege mwisho kilo 23 na tayari lina kilo 21. Uzito ndio uliowafanya mababu wachonge lipiko kwa mti mwepesi, na uzito unamfanya mgeni anunue mti mwepesi. Usiliseme hilo popote. Liache lilale hapo, atakayeliona ataliona.

Kuhusu lugha ya mzee. Nimehesabu methali kumi na moja kinywani mwake, na hadithi ina mazungumzo ya kurasa tatu tu. Wazee hawaongei hivyo. Wanauliza bei ya sukari. Bakiza mbili kwa wingi, na hiyo ya kinyago cha kuchonga mwenyewe kutokutisha iondoe bila huruma: katika hadithi ya mchongaji, kila msomaji anaisubiri tangu kichwa cha habari, na ukiitoa anajua umekosa la kusema. Hiyo ndiyo kiwi yako mwenyewe, kwa kweli. Vilevile usimwandikie lafudhi ya kuchekesha. Watu wa kusini wamechekwa vya kutosha kwenye vichekesho vya redio. Ukitaka asikike kama mtu wa lugha mbili, fanya sentensi zake ziwe fupi, na kuna maneno mawili matatu ambayo mjukuu anamtafutia. Mjukuu amwite Babu, vijana wa vibanda vya jirani wamwite Mzee, wanunuzi wa Kitanzania wamwite Mzee wangu wakitaka kupunguziwa. Kila mwito uje na kusudi lake.

Huyo mjukuu umempa mistari minne tu, nami ningempa hadithi nzima. Sasa hivi unaandika ukiwa ndani ya kichwa cha mzee, na ndani ya kichwa hicho unalazimika kutueleza anachofikiri juu ya sanaa. Hamishia macho kwa kijana wa miaka 15 anayepiga msasa. Yeye hajui kipi cha kweli. Anaona babu akisifia kazi ambayo nusu ya saa zake ni za mjukuu, kisha akiandika jina lake peke yake chini kwa ncha ya kisu. Jambo hili si geni: George Lilanga, mchongaji na mchoraji Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, miaka yake ya mwisho alifanya kazi akiwa na wasaidizi waliomzunguka, na hadi leo wakusanyaji wanabishana mkono upi ulifanya nini. Kijana wako hahitaji kumjua Lilanga. Anahitaji tu kuona jina moja mahali palipokuwa na mikono miwili, na vidole vyake viwe bado vinawaka kwa vumbi la mpingo, ambalo huwasha ngozi na pua kweli kweli.

Umbali huu utakuondolea pia zile sentensi za "aliona", "alihisi", "alitambua ukweli wa sanaa yake". Zipo kumi na nne. Kijana akiwa ndiye jicho, nyingi zitaanguka zenyewe.

Tubaki na mwisho, yaani ule moto. Mtu mwenye kodi ya kibanda hachomi mzigo wa miezi miwili. Akiuchoma, msomaji anaona mwandishi akiwa na kiberiti. Moto ni njia ya kuonyesha uamuzi bila kuonyesha gharama yake: hatuoni kesho yake asubuhi, hatuoni nani anakula nini.

Unao mwisho mzuri zaidi na umeshauandaa bila kujua. Umetaja ukurasa wa tatu kwamba kinyago cha mpingo kina "alama nyeupe chini". Hiyo ni ile sehemu ya nje ya mti ambayo mzee aliiacha kwa makusudi, pengine iwe upindo wa kanga ya yule mama. Kwa anayejua, weupe ule ni ushahidi kwamba mti ni mmoja, haukupakwa. Sasa aje mnunuzi mwenye pesa na nia, apime uzito, akwaruze kitako, aridhike, kisha aone weupe na kusita. Kwake mpingo ni mweusi, basi. Aseme atarudi baada ya chakula cha mchana. Mzee asijibu. Akae. Kijana awe anatazama.

Halafu babu aseme, bila kuinua macho, "Lete kopo."

Hapo mzee anapaka kiwi juu ya mpingo wa kweli ili ufanane na mpingo wa kweli. Usieleze. Usimwandikie machozi. Andika tu anavyopaka: kwa kidole au kitambaa, mara ngapi, kama anaufuata mstari wa upindo au anaufunika wote. Hapo uamuzi ni wako, na ni mzito kuliko unavyoonekana, maana akiufuata mstari bado anachonga, na akiufunika ameacha. Mnunuzi akirudi au asirudi, malizia kabla hatujajua. Sentensi ya mwisho iwe ya kijana akifunga kifuniko cha kopo, au akitafuta kitambaa kikavu cha kusugulia. Ukiona umeandika sentensi moja zaidi baada ya hapo, na ndani yake limo neno "ukweli", ifute.